1.6 siyo kufeli: barua ya wazi kwa mnaopima digrii zetu

Waheshimiwa mnaosimamia elimu ya juu na ajira za walimu wa vyuo vikuu, shikamooni.

Naandika nikiwa Muleba, nyumbani kwa mama, na naandika wazi kwa sababu barua za kwenye bahasha nimeshapeleka nne na sijajibiwa hata moja. Sitataja ofisi wala chuo, sitaki mtu apate shida kazini kwake kwa ajili yangu. Ninachotaka kieleweke ni kimoja tu: namna tunavyopima digrii za utafiti za waliosoma nje ina makosa, makosa yenyewe yanarekebishika kwa karatasi moja, na yasiporekebishwa tutaendelea kuwafukuza wale wale ambao tungetaka wauchunguze uchumi wa nchi hii.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Niliomba nafasi ya uhadhiri msaidizi, idara ya uchumi, fomu ni ya onlaini. Shahada ya kwanza nimesoma hapa hapa nchini, GPA, yaani wastani wa alama, 4.1 kati ya 5.0, nikaijaza ikapita. Masta nimesoma Ujerumani, nikaandika 1.6 kama ilivyo kwenye transkripti, mfumo ukagoma, yakatokea maandishi mekundu kwamba isipungue 4.0. Nikajaribu tena nikidhani labda nimekosea nukta. Ukagoma. Basi nikapanda basi, safari ya kutoka huku mpaka Dar mnaijua ilivyo, kesho yake saa mbili asubuhi nipo mlangoni na bahasha yangu ya vyeti, nikakaa kwenye benchi mpaka saa sita ndo nikaitwa ndani, nikamkuta baba mmoja mtu mzima mstaarabu kabisa, akavaa miwani, akaisoma transkripti, halafu akaniambia taratibu kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, "Mwanangu, sikufichi, hii 1.6 hata pasi haifiki. Chini ya 2.0 ni kufeli."

Nikamgeuzia ukurasa wa nyuma. Kwa Wajerumani 1.0 ndo alama ya juu kabisa. Kuanzia hapo mpaka 1.5 ni vizuri sana, 1.6 mpaka 2.5 ni vizuri, ukifika 4.0 umefaulu kwa kuponea chupuchupu, na 5.0 ni kufeli. Yote yameandikwa pale nyuma ya transkripti na muhuri upo. Yule baba akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akasema mwanangu nimekuelewa ila ile sehemu ya fomu haina pa kueleza, ni namba tu, na mimi sina mamlaka ya kukuandikia namba ambayo haipo kwenye cheti chako. Nikamshukuru nikatoka. Nipo nje kwenye kivuli cha mwarobaini ndo likanijia jambo ambalo mpaka leo linaniuma: mwenzangu wa darasa moja akimaliza na 4.0, yaani ile ya mwisho mwisho kabisa, akija akajaza fomu ile ile, anapita bila swali.

Mtasema kubadilisha alama ni kazi ya kitaalamu inahitaji kamati. Hapana wakubwa zangu. Wakati naomba chuo kule, wao GPA yangu ya hapa waliibadilisha bila mimi kusafiri wala kumbembeleza mtu, wana kanuni wanaiita ya Bavaria, ipo wazi kila mtu anaiona. Unachukua alama ya juu ya nchi ya mwombaji, unatoa alama yake, unagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini kabisa ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Kwetu juu ni 5.0 na chini ya kufaulu ni 2.0. Mimi nilikuwa na 4.1, tano toa 4.1 ni 0.9, gawanya kwa tatu, zidisha kwa tatu, inabaki 0.9 ile ile, jumlisha moja, 1.9. Nikaingia chuoni na 1.9. Sasa ukiirudisha kinyumenyume, kwa sababu zile tatu mbili zinafutana, inakuwa hesabu ya darasa la tano: sita toa alama ya Mjerumani. Sita toa 1.6 ni 4.4. Na yule wa 4.0 anapata 2.0 yake halali. Kama kwenye uzamili alama yenu ya chini ya kufaulu siyo 2.0, wekeni hiyo mnayoitumia, kanuni haibadiliki, hata mkiweka 3.0 mimi bado navuka 4.0.

Karatasi moja hiyo. Ingebandikwa kwenye mfumo, yule baba asingepata kazi ya kunipa pole.

Lakini nisieleweke nalilia namba tu. Nataka mjue 1.6 imetoka wapi, maana ukiiangalia pale kwenye skrini huwezi kuona kilichoingia humo.

Nafasi niliipata 2022, kwenye jimbo la Nordrhein-Westfalen ambako vyuo vya serikali havimtozi ada hata mgeni, unalipa mchango wa muhula kama euro 300 na humo humo kuna tiketi ya basi na treni. (Baden-Württemberg wao tangu 2017 wanawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, kwa hiyo wadogo zangu mnaosoma hii angalieni jimbo kabla hamjaangalia jina la chuo.) Ada hakuna, ila ili upate viza lazima uthibitishe kwamba utaweza kuishi. Unafungua akaunti ya kufungia, wenyewe wanaiita Sperrkonto, unaweka hela ya mwaka mzima kabla hujapanda ndege, ukifika unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka ule ilikuwa euro 10,332. Kufikia mwishoni mwa 2024 ilishapanda mpaka 11,904. Kwa chenji ya wakati ule ilikuwa karibu milioni 25 za kwetu, na mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mama akavunja akiba yake yote ya kikoba. Baba mdogo akauza ng'ombe wawili na pikipiki yake ambayo ndo ilikuwa inamlisha. Bado haikufika. Ndo wazee wa ukoo wakakaa kikao kuhusu kibanja cha babu. Wanaotoka Kagera wanajua hili ni jambo zito kiasi gani, kibanja hakiuzwi, babu na bibi wamelala humo humo kwenye migomba, kumuuzia mtu kibanja ni kumuuzia na makaburi yako. Wakazungumza mpaka giza likaingia, mwishowe wakaamua kiwekwe rehani miaka mitano kwa jirani mwenye uwezo. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, shangazi yangu ambaye hakusoma kabisa akasema mtoto akasome huko wanakohesabu umaskini wetu ili na yeye awe anajua wanavyouhesabu. Mpaka leo ninavyoandika ndizi za kibanja kile anakata mtu mwingine.

Hapa niseme jambo moja kwa wanaoshika mfuko wa mikopo. Mikopo ya elimu ya juu kwa sehemu kubwa sana inaishia shahada ya kwanza. Ufadhili wa Samia ulioanza 2022 unawabeba waliofaulu sana sayansi, ni jambo jema na ninaliunga mkono kabisa, mchumi hayumo. Sasa hii hela ya akaunti ya kufungia siyo ada, haiendi kwa chuo, inamrudia mwanafunzi mwenyewe kila mwezi ale na alipe pango, na wengi tukishafika tunapata kazi za masaa machache. Mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti masaa kumi kwa wiki, nasafisha data za profesa. Mkopo wa mwaka mmoja wa kumvusha tu mwanafunzi aliyeshapata barua ya chuo, ungerudi. Ungeokoa vibanja vya watu.

Muhula wa kwanza nilitaka kuacha. Hapa nyumbani uchumi tuliusoma kwa michoro na maelezo, kule wiki ya kwanza mwalimu wa maikro, uchumi wa mtu mmoja mmoja na soko, anaanza kuthibitisha kwamba bei za msawazo, zile zinazolinganisha kinachouzwa na kinachotakiwa, kweli zipo, anatumia nadharia ya Brouwer ya hisabati, mstari kwa mstari, ubao unajaa unafutwa unajaa tena, na wenzangu wanaandika kana kwamba wanajua kinachofuata. Mtihani nikapata 3.3. Nikaenda kukaa kwenye kozi ya hisabati ya vijana wa mwaka wa kwanza, sikuandikishwa, nilikuwa naingia tu kwa ruhusa ya mwalimu, saa mbili asubuhi kila Jumanne na Ijumaa mpaka Februari. Ekonometriksi, yaani kupima uchumi kwa takwimu, ikaja vizuri zaidi kwa sababu pale swali ni lile lile kila siku, kipi kinasababisha kipi na umejuaje. Hilo swali nililipenda, nadhani ndo lilinifanya nibaki.

Halafu ikaja semina ya uchumi wa maendeleo, muhula wa tatu. Slaidi inafunguka imeandikwa Meatu, wilaya ya huku kwetu kanda ya ziwa. Ni utafiti wa Edward Miguel uliotoka 2005, unaonesha kwamba miaka ambayo mvua imeharibika, iwe ukame mkali au mafuriko, mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi kule yalikuwa kama mara mbili ya miaka mingine. Darasa zima likanigeukia mimi. Utafiti ni mzuri, sina ubishi nao hata kidogo, unamfanya mtu aone kwamba nyuma ya panga kuna njaa, na njaa inaweza kushughulikiwa. Ila nilikaa pale nikawaza, aliyekwenda mpaka Meatu kuuliza swali lile alitoka Berkeley, California. Sisi wa kanda ya ziwa tulikuwa wapi? Tulikuwa na akili, tulikuwa na lugha, tulikuwa na mashangazi wa kutuambia nani kafanywa nini. Hatukuwa na mafunzo ya kuliuliza kwa namna ambayo dunia ingesikiliza, na hatukuwa na mtu wa kutulipia muda wa kuliuliza.

Wiki mbili baadaye nikafungua data ya kwetu. Kuna utafiti wa kaya za Kagera ulioanza 1991, kaya 915, ulianzishwa kuangalia vifo vya UKIMWI vinaziachaje familia, na watafiti wakarudi kuwatafuta watu wale wale 2004 na tena 2010, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar au Uganda. Data ipo wazi, mwanafunzi yeyote duniani anaipakua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera 1983, kwetu ugonjwa wakauita Juliana, sisi tuliozaliwa baadaye tumekua tukizungukwa na makaburi ya watu ambao hatukuwajua. Majina kwenye data hayapo, ni namba tu. Ilikuwa saa nne usiku, nje theluji, nikawa nashuka na safu ya umri wa waliofariki, thelathini na kitu, thelathini na kitu, ishirini na kitu, nashuka nayo na kidole kwenye skrini, nikafika mahali nikafunga laptopu nikampigia mama. Huku nyumbani ilikuwa saa sita za usiku, akapokea kwa hofu, nikamwambia nilitaka tu kukusalimia.

Data ile imetoa matokeo makubwa. Beegle, De Weerdt na Dercon mwaka 2011 walionesha kwamba waliohama Kagera matumizi yao yalikua zaidi ya wenzao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia, hata ukiwalinganisha watu waliotoka kaya moja. Mimi nikabaki na swali la upande wa pili. Waliobaki, nini kinawashika pale walipo?

Nikakumbuka butura.

Kwa wasiojua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua shambani, unapewa hela kidogo leo, mnunuzi anakuja kuvuna msimu ukifika, na bei ikiwa juu ni yake. Msimamizi wangu wa tasnifu hakuwahi kulisikia hilo neno. Nikamwelezea, nikamchorea ubaoni mwaka wa mkulima wa Muleba ulivyo, hela inapoingia na hela inapotakiwa, akaniuliza maswali karibu saa nzima halafu akasema hili andika wewe, hapa hakuna mwingine anayeweza kulianza. Katika miaka yote ile sikuwahi kuambiwa maneno yaliyonipa nguvu kama hayo.

Nikaja nyumbani miezi mitatu 2024 kwa hela yangu niliyodunduliza, vijiji viwili, kaya hazifiki mia mbili, natembea na daftari na tableti ya kuazima. Kuna mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka mpaka chini ya mibuni yake. Ilikuwa imechanua, meupe matupu, harufu imejaa shamba zima mpaka nyuki unawasikia. Akainamisha tawi moja karibu na uso wangu akaniambia, "Unayaona haya maua, mwanangu? Siyo yangu. Ya mwenye duka." Aliyauza hata hayajatoka, siku alipofiwa na mkewe, akahitaji jeneza na chakula cha waliokuja msibani. Akaliachia tawi polepole lisije likadondosha maua. Ya mtu mwingine, na bado anayatunza.

Butura imepigwa marufuku mara nyingi tu, na kila mara viongozi wanasema wakulima waelimishwe. Mimi sikumkuta asiyejua kwamba anaibiwa. Wote walinipigia hesabu mdomoni wakanionesha wanapoteza kiasi gani, wengine kwa usahihi kuliko mimi na tableti yangu. Walichokosa ni mtu wa kuwakopesha hela ya jeneza leo. Hilo ni tatizo la mkopo, tena la mkopo wa dharura, wa siku moja, na ukishalijua hivyo dawa yake inakuwa tofauti kabisa na semina ya uelimishaji. Ndo kilichomo kwenye tasnifu yangu, kurasa 74 na majedwali yake. Kilipewa 1.0. Hiyo ndo iliyoipandisha ile 3.3 ya maikro mpaka nikatoka na 1.6 kwa jumla.

Na hata kuifanya hiyo kazi nilipata shida ambayo mgeni hakuipata. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu, inataka barua ya utambulisho ya chuo cha ndani, nikawaambia chuo changu ni cha nje, wakasema basi wewe ni mtafiti kutoka nje, jaza fomu za wageni, nikasema mimi ni raia na kitambulisho hiki hapa, wakasema basi lete barua ya chuo cha ndani. Tumezunguka hivyo wiki tatu nzima katika ile miezi mitatu niliyokuwa nayo. Mtanzania anayesoma nje akirudi kutafiti kwao aingie wapi? Wekeni mlango wake hata kama ni mdogo, kitambulisho cha taifa na barua ya msimamizi vitoshe, halafu mumdai nakala ya kazi akimaliza. Tutaileta kwa furaha.

Sasa turudi kwenye kupima. Mimi angalau nina namba, hata kama imegeuzwa. Rafiki yangu wa karibu alisoma Uingereza masta ya utafiti mtupu, mwaka mzima anaandika kitu kimoja, hakuna mitihani ya kozi ya kujumlishwa, mwisho anatetea kazi yake mbele ya watahini wawili na cheti kinasema amefaulu. Basi. Hakuna GPA popote, siyo kwamba alipoteza karatasi, haijawahi kuwepo. Na matangazo mengi ya kazi za vyuo vikuu hapa kwetu yanataka shahada ya kwanza 3.8 na uzamili 4.0 kwenda juu. Yeye aandike nini pale? Amejaza sifuri, mfumo ukamtoa. Sasa hivi yupo Nairobi anafanyia shirika la utafiti, anachambua data za wakulima wa Malawi, na ni mtu aliyekuwa anataka kufundisha Dodoma maisha yake yote.

Sisi ni wachumi, tumefundishwa kuangalia watu wanafuata motisha gani. Vijana wananitafuta WhatsApp karibu kila wiki, dada nimepata nafasi mbili, moja ya kozi mwaka mmoja na mitihani, nyingine ya utafiti na tasnifu, nichague ipi? Mimi najua ipi ingewafanya wachumi wazuri. Wakati huo huo najua fomu ile inavyokula watu. Mwezi uliopita binti mmoja wa Kigoma mwenye akili sana aliniuliza swali hilo hilo, nikakaa na simu mkononi muda mrefu, mwishowe nikamwambia ukweli, ukitaka kurudi kufundisha nyumbani chagua ile yenye GPA. Akachagua hiyo. Nimemshauri vizuri kwa ajira yake na nimeinyima nchi mtafiti, na kosa siyo lake. Fanyeni hesabu ni wangapi wanashauriwa hivyo kila mwaka na hakuna anayewaona kwa sababu hawajawahi kuomba.

Na msiseme haiwezekani kupima kazi za nchi tofauti, Waafrika wenyewe tulishaweza. Shirika la AERC, la utafiti wa uchumi Afrika, lilianzishwa 1988, makao yake Nairobi, na tangu 1993 likaendesha programu ya pamoja ya masta ya uchumi. Mwanafunzi anasoma chuo cha kwao, halafu kwa miaka mingi walikuwa wanakusanyika Nairobi kutoka nchi mbalimbali kusoma kozi za hiari chini ya walimu wale wale na mitihani ile ile, alama zinarudi nyumbani kwa kila mmoja na zinakubalika, kwa sababu walimu walikaa meza moja wakakubaliana. Marehemu Profesa Benno Ndulu aliliongoza shirika hilo kabla ya kuja kuwa gavana wa Benki Kuu yetu 2008 mpaka 2018. PhD yake aliichukua Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha Mlimani. Huwa namuwaza sana. Watu wa aina yake tunawaenzi kwa maneno, na mlango waliopitia kurudi tumeuwekea kisanduku kinachokubali namba kuanzia 4.0.

Kwa hiyo ninachoomba. Kwa digrii zenye alama za mfumo mwingine, hiyo kanuni iwekwe wazi na ifanyiwe kazi kabla ya mtu kufika kwenye fomu, aliyesoma Ujerumani, Ufaransa, India, popote, achague nchi na mfumo umbadilishie. Kwa digrii zisizo na GPA kabisa, ondoeni ulazima wa namba na badala yake mwombaji apakie tasnifu yake, walimu wawili wa idara waisome, wamwite awaeleze kwa nusu saa alichokiona na amejuaje. Najua mtasema walimu hawana muda. Ila idara itakayomwajiri itakaa naye miaka thelathini, na hizo kurasa zinasomeka kwa jioni mbili. Mnafahamu wenyewe kwamba nusu saa ya maswali inamuonesha mtu kuliko karatasi yoyote, tena inamkamata na yule ambaye tasnifu aliandikiwa.

Serikali ilikopa dola milioni 425 Benki ya Dunia 2021 kwa mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, na humo kuna kuwasomesha wahadhiri masta na PhD. Hilo ni jambo kubwa na majengo tunayaona. Mimi nilijisomesha kwa ndizi za babu yangu, sijagharimu mradi wowote, ninachoomba ni kusomwa tu.

Nakala za tasnifu yangu nilichapisha tano. Moja ipo chuoni kule, moja kwa mama kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, na mbili nilizipeleka kwa watendaji wa vile vijiji viwili pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa sita, ambao yule mzee alisomewa na mjukuu wake akataka arudiwe ile sehemu ya jeneza. Ya tano ninayo hapa mezani. Mkiniambia ofisi ipi na siku ipi nitakuja nayo, hata kama ni kukaa kwenye benchi tena mpaka saa sita.

Nawasalimu kwa heshima zote,
Mwanafunzi wa uchumi, Muleba, Kagera